Mtumishi Aketiye na Mtumishi Atumikaye

Askofu anapotembelea usharika, chakula huandaliwa nyumbani kwa mchungaji. Kabla mtu hajagusa wali, hupita binti mwenye jagi la maji ya vuguvugu, beseni, na taulo begani. Anaanzia meza kuu. Anapiga goti kidogo, anamimina, anasubiri mgeni amalize kusugua vidole, kisha anasogea kwa mwingine. Ukiuliza huyo ni nani, utaambiwa ni msichana wa kazi, au kwa lugha ya barua, mtumishi wa ndani. Na yule anayenawishwa? Huyo naye ameitwa mtumishi tangu aliposhuka garini. "Karibu, mtumishi." "Mtumishi amechoka na safari, mpisheni apite." Watu wawili wana jina moja, na katikati yao kuna beseni.

Nimekaa kwenye vikao vya wazee wa kanisa kwa muda wa kutosha kuona beseni hilo likigeuka kuwa mpaka. Kila mwaka tunahubiri kwamba kiongozi wa Kikristo ni mtumishi. Tunaimba hivyo kwaya kwa kwaya. Na bado sharika zinapasuka, vijana wanaondoka, wachungaji wazuri wanaanguka au wanachoka hadi wanakuwa wakali kwa kila mtu, na mara nyingi ukifuatilia kisa unamkuta mtu mmoja mwenye karama nyingi ambaye hakuna aliyeweza kumwambia neno. Sidhani kwamba tatizo ni watu kutoijua aya. Tatizo ni kwamba neno lenyewe limebeba maana nyingi zilizosukwa pamoja, na tusipozitenganisha tutaendelea kulitumia kufunika kitu kile kile lilichokuja kukifunua.

Ukoo wa neno "tuma"

Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno unaotoka katika kitenzi hiki kimoja. Aliyetumwa na Mungu kuhubiri ni mtume. Aliyetumwa na bwana wake asiwe na hiari ni mtumwa. Na kama vile pika ilivyozaa mpishi na andika ikazaa mwandishi, tumika ilizaa mtumishi, yaani mtu mwenye kutumika. Ukimtumikia mtu, unamfanyia kazi kwa heshima. Ukimtumikisha, umemgeuza chombo. Heshima kubwa kabisa na fedheha kubwa kabisa zinakaa nyumba moja, na zinatenganishwa na silabi.

Waliotafsiri Biblia ambayo wengi wetu tumekulia nayo, ile ya mwaka 1952, waliitumia nafasi hiyo vizuri. Katika Marko 10 Yesu anawaambia wanafunzi: "Mwajua ya kuwa wale wanaohesabiwa kuwa wakuu wa Mataifa huwatawala kwa nguvu, na wakubwa wao huwatumikisha. Lakini haitakuwa hivyo kwenu." Aya tatu baadaye anasema Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa, bali kutumika. Katika Kiyunani maneno hayo hayana mzizi mmoja. Vitenzi vya utawala pale vimejengwa juu ya neno la "bwana" na neno la "mamlaka", wakati kitenzi cha huduma kinatoka kwa diakonos, mtu anayezunguka mezani na chakula. Lakini kwa Kiswahili tofauti kati ya wakuu wa Mataifa na Mwana wa Adamu inasikika sikioni: kutumikisha, kutumika. Mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuielewa.

Kisha Yesu anashuka ngazi moja zaidi. Anayetaka kuwa mkubwa atakuwa mtumishi, diakonos. Anayetaka kuwa wa kwanza atakuwa mtumwa wa wote, doulos. Sisi tumelichukua lile la kwanza tukalifanya cheo. Hili la pili hakuna aliyelitaka. Sijawahi kusikia tangazo la mkutano wa injili likisema, "Njoo umsikilize mtumwa wa wote."

Na kuna sababu ya neno hilo kutuogopesha sisi wa upande huu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa palepale Mkunazini. Aliyesimamia ujenzi huo, Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Wageni wanaotembelea kanisa lile huambiwa hadi leo kwamba altare imewekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Waumini wa kwanza wa pale walikuwemo watu waliokombolewa majahazini. Mtu wa namna hiyo anaposomewa "atakuwa mtumwa wa wote", hasikii mfano wa kupendeza. Anasikia minyororo.

Hapa ndipo kamba ya kwanza inapopaswa kufunguliwa, na kwangu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Maneno yale hayakuelekezwa kwa watumwa. Yalielekezwa kwa Yakobo na Yohana, vijana wawili waliotoka kuomba viti vya kuume na kushoto, na kwa wenzao kumi waliokasirika kwa sababu walivitaka viti hivyo hivyo. Fundisho la utumishi limeandikiwa mtu anayenyosha mkono kuelekea madaraka. Lakini sikiliza linavyohubiriwa: mara nyingi linaelekezwa chini. Akina mama wanaopika semina nzima bila kuketi kusikia somo lolote wanaambiwa wawe na moyo wa utumishi. Kijana anayefagia kanisa na kufunga vyombo vya muziki usiku anaambiwa hivyo hivyo. Binti mwenye jagi hakuhitaji kuambiwa. Yeye tayari anatumika. Aliyehitaji kusikia yuko meza kuu.

Kipimo kilichotoka kampuni ya simu

Kifungu hiki tunachokitumia kwenye semina, uongozi wa utumishi, hakikuanzia kwenye chuo cha theolojia. Aliyekieneza ni Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi AT&T, kampuni ya simu, kwa karibu miaka 40, kisha mwaka 1970 akachapisha insha yake kuhusu kiongozi aliye mtumishi. Aliiandikia zaidi dunia ya makampuni na vyuo. Kanisa likaikuta huko, likaona inafanana na Injili, likairudisha nyumbani.

Greenleaf aliacha kipimo ambacho naona bado hakijapitwa. Hakuuliza kama kiongozi ni mnyenyekevu. Aliuliza kuhusu wanaoongozwa: je, wanakua? Wakiwa wanahudumiwa hivyo, wanazidi kuwa na afya, hekima na uhuru, na wao wenyewe wanaelekea kuwa watumishi? Na yule wa chini kabisa katika jamii anafaidika, au angalau haumizwi zaidi?

Kipimo hicho kinakata mizizi ya unyenyekevu wa maonyesho. Kiongozi anaweza kuvaa viatu vilivyochanika, akapanda daladala, akala na watu sakafuni, na bado baada ya miaka 15 katika usharika wake kusiwe na mtu mwingine anayeweza kuongoza ibada ya mazishi bila kumpigia simu. Huyo ni mpole, lakini watu wake hawakukua. Kinyume chake pia nimekiona: mchungaji mkavu wa maneno, asiye na tabasamu rahisi, ambaye kila alipohamishwa aliacha nyuma walimu wa Jumapili, wahazini waaminifu na wainjilisti wawili watatu walioiva.

Kasoro ya kipimo hicho ni kwamba hakisemi gharama analipa nani. Marko anasema: "na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi." Utumishi wa Injili una mtu anayepungukiwa. Wakati mwingine anayepungukiwa si mchungaji bali mke wake, anayefanya kazi ya wachungaji wawili bila mshahara na bila siku ya kupumzika, kwa sababu tu anaitwa mama mchungaji.

Kuosha miguu, na kusema hapana

Alhamisi Kuu katika makanisa mengi kasisi huosha miguu ya watu 12. Kwa kawaida ni miguu iliyokwisha kusuguliwa vizuri nyumbani. Siidharau ibada hiyo, huniliza kila mwaka. Ila tukiisoma Yohana 13 haraka tunaona ishara tu, tunauruka mstari unaoitangulia: Yesu aliondoka mezani akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Aliinama kwa sababu alijijua. Mtu asiyejua ni nani bila cheo chake hawezi kuinama. Akiinama atakuwa anaangalia pembeni kuona nani anamtazama. Kwa hiyo afya ya kiongozi huanzia mahali ambapo semina nyingi haziendi, kwenye swali la kama mtu huyu anaweza kulala usingizi siku ambayo hakuna aliyemsifu.

Yesu huyo huyo alikataa watu. Marko 1 inasimulia asubuhi moja Kapernaumu: jana yake mji mzima ulikusanyika mlangoni, leo wanafunzi wanamkuta mahali pasipo watu akiomba, wanamwambia watu wote wanamtafuta. Naye anajibu kwamba waende mahali pengine, katika vijiji vilivyo karibu. Mji mzima ulimtaka, naye akaondoka. Mchungaji anayeshinda kila siku kwenye foleni ya ushauri tangu asubuhi hadi usiku, simu mbili mkononi, anaweza kuonekana mtumishi kweli kweli. Musa alifanya hivyo, na aliyemzuia alikuwa mkwewe, Yethro, kuhani wa Midiani, mtu wa nje kabisa. "Jambo hili ufanyalo si jema." Sisi tunajua uzito wa maneno ya mkwe. Musa alisikiza, akateua wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi. Yethro aliona pia jambo ambalo wengi hatulioni: hakumhurumia Musa peke yake, alisema na watu wenyewe wanachoka. Foleni ilikuwa inamdhoofisha aliyeketi na waliosimama.

Sahani za wajane

Kama ningeruhusiwa kufundisha sura moja tu ya Biblia kuhusu uongozi wa utumishi, nisingechagua kuosha miguu. Ningechagua Matendo 6.

Kanisa la Yerusalemu lina mgao wa chakula. Wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani wanasahauliwa, wale wa Kiebrania wanapata. Malalamiko yanatokea. Mitume wangeweza kuhubiri juu ya kunung'unika. Wangeweza kushuka wao wenyewe kugawa chakula kwa siku tatu na kupigwa picha, kama tungesema leo. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano, wakawaambia watu wachague wenyewe wanaume saba wenye sifa njema, wakabidhiwe kazi. Sasa soma majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Ghala la chakula lilikabidhiwa upande wa waliolalamika.

Huo ndio utumishi ukiwa na mifupa. Haukuishia moyoni mwa mitume. Ulibadilisha nani anashika mwiko. Mara nyingi tunauliza kama kiongozi wetu ana moyo wa utumishi, swali ambalo Mungu peke yake analijibu. Ni afadhali tuulize mambo yanayoonekana. Sadaka ikihesabiwa, wanahesabu wangapi, na yupo mchungaji? Hundi inahitaji sahihi za nani, na hao ni ndugu? Kikao cha wazee kilipinga pendekezo la mchungaji mara ya mwisho lini, na aliyepinga bado ni mzee wa kanisa? Paulo, alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa kwa maskini wa Yerusalemu, alihakikisha anafuatana na watu waliochaguliwa na makanisa hayo, ili mtu asipate la kumlaumu. Alikuwa mtume. Hakusema wamwamini.

"Msiwaguse masihi wangu"

Ukianza kuuliza maswali hayo, aya moja hutolewa haraka, Zaburi 105:15. "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Nimeisikia ikitumika kunyamazisha mhazini aliyeuliza risiti. Nimeisikia ikitumika kunyamazisha binti aliyekuwa na jambo zito zaidi la kusema.

Turudi kwenye zaburi yenyewe. Inamhusu nani? Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Anayeambiwa "usiguse" ni mfalme. Anayelindwa ni msafiri asiye na ardhi. Tumeigeuza zaburi kichwa chini: imekuwa ngao ya mwenye kiti dhidi ya wasio na kiti.

Wengine hutaja Daudi kukataa kumuua Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana. Ni kweli alikataa kumuua. Lakini alisimama nje ya pango akamwita kwa sauti, mbele ya jeshi lake, akamweleza ubaya wake na pindo la vazi mkononi. Kutomdhuru kiongozi na kutomwambia ukweli ni mambo mawili. Na Daudi alipokuwa mfalme, Nathani hakutafuta pango la kujificha: "Wewe ndiwe mtu huyo." Paulo naye alishindana na Petro uso kwa uso Antiokia, akaiandikia barua Galatia ili kila mtu asome.

Sote tunakumbuka Aprili 2023, makaburi ya waumini waliodaiwa kufunga hadi kufa yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na ilikuwemo ya watoto wengi. Kesi iko mahakamani na nitaiachia mahakama kazi yake. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu anayeamka siku moja akaambiwa afunge hadi afe, naye akatii. Utii wa namna hiyo hulelewa polepole, kwa miaka, kwa vitu vidogo: usiulize, usiguse, mtumishi amesema. Kila usharika mdogo unaofundisha watu wake kwamba swali ni uasi unachangia udongo wa bustani hiyo, hata kama mchungaji wake ni mtu mwema.

Walivyojaribu ndugu wa Uamsho

Tuna mfano wetu wenyewe wa jaribio kubwa la kuishi tofauti. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata moto wa Uamsho wa Afrika Mashariki ukawaka Gahini na kusambaa Uganda, Burundi, Kongo, Bukoba na Kenya. Wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ukavuka mipaka yote hiyo bila kutafsiriwa.

Watu hukumbuka wimbo na machozi. Mimi navutiwa zaidi na utaratibu wao. Waliookoka walikutana kila wiki katika ushirika, na mlangoni vyeo vilibaki nje. Aliyekuwamo aliitwa ndugu. Kuhani aliketi karibu na mpishi, mmisionari karibu na mfanyakazi wake wa nyumbani, na kila mmoja "alitembea nuruni", akitaja dhambi yake na kusikia anachoambiwa. Kulikuwa na wazungu waliotubu kiburi chao mbele ya Waafrika wakati wa ukoloni, jambo lililoshangaza watu kuliko muujiza. Ushirika haukuwa kamati ya nidhamu. Ulikuwa mahali ambapo kiongozi angeweza kusema "jana nilimpigia kelele mke wangu" na kesho yake bado akahubiri. Katika ukoo huo walitoka watu kama Askofu Festo Kivengere wa Uganda na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 baada ya maaskofu wa Uganda kumwandikia Idi Amin barua ya kulaani mauaji. Ujasiri wa kumwambia rais ukweli ulifunzwa miaka mingi katika vyumba ambamo ndugu waliambiana ukweli wao kwa wao.

Sitaki kuupamba. Ushirika huo ulikuwa na sura ngumu pia. Palikuwa na ndugu walioipima toba ya mwingine kwa mavazi, deni au aina ya kiatu, na palikuwa na migawanyiko iliyoacha majeraha. Nuru ikishikwa na mtu anayependa kumulika wenzake huwa tochi ya polisi. Lakini swali walilolijibu bado linatusubiri sisi: kiongozi wako analia wapi? Kama jibu ni "hana mahali", basi haidhuru amesoma wapi.

Maji juu ya mikono ya Eliya

Sasa turudi kwa binti na jagi lake, kwa sababu Biblia ina kijana mwenye jagi. Wafalme watatu walipokuwa jangwani bila maji wakaulizia nabii, mtumishi mmoja wa mfalme alimtambulisha Elisha hivi: "aliyekuwa akimimina maji juu ya mikono yake Eliya."

Aya hii imekuwa msingi wa malezi ya viongozi katika makanisa mengi ya mjini. Kijana mwenye wito anaambiwa abebe Biblia ya baba wa kiroho, aoshe gari lake, amshikie simu, alete maji madhabahuni, na siku moja upako utamwagikia. Sipingi kuanza na kazi ndogo. Mtu asiyeweza kupanga viti asipewe watu. Ninachouliza ni kilichokuwa kikiendelea upande wa pili wa beseni. Eliya alipomkuta Elisha, alikuwa ametoka kufika mwisho wa nguvu zake mwenyewe. Wiki kadhaa kabla alikuwa jangwani chini ya mti wa mretemu akiomba afe, na dawa ya kwanza aliyopewa na malaika ilikuwa mkate, maji na usingizi, mara mbili, kabla ya neno lolote la kazi. Baadaye huko Horebu akapewa jina la atakayemrithi. Mungu alimponya nabii aliyechoka kwa kumpa mtu wa kumlea, naye Eliya akamtupia kijana vazi lake siku ya kwanza kabisa. Na siku ya mwisho, kando ya Yordani, Eliya ndiye aliyeuliza: unataka nikufanyie nini kabla sijaondolewa kwako?

Swali hilo hilo Yesu analiuliza mara mbili katika Marko 10, mara ya kwanza kwa Yakobo na Yohana wanaotaka viti, mara ya pili kwa Bartimayo kipofu kando ya njia. Hapo ndipo naona tofauti ya kulelewa na kutumikishwa. Kama kijana amemimina maji miaka saba na aliyenawishwa hajawahi kumuuliza unataka nikufanyie nini, yale si malezi.

Udhuru wetu wa kawaida ni kwamba vijana hawajawa tayari. Ni udhuru wa zamani. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa kutoka utumwani akasomeshwa na wamisionari Zanzibar, alipewa upadre mwaka 1890 na akafanya kazi ya kusifiwa huko Chitangali, upande wa Masasi. Mtumwa aliyekuwa mtumishi, kwa maana halisi ya maneno yote mawili. Lakini Mwafrika wa kwanza kuwa askofu Mwanglikana katika Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955. Ni miaka 65. Katika miaka hiyo yote wako waliosema, kwa dhati kabisa na kwa upendo, kwamba Waafrika hawajawa tayari. Nikisikia mchungaji wa miaka 68 akisema hivyo juu ya mwinjilisti wa miaka 40, nasikia sauti ile ile.

Shule je? Mwaka 2018 Rwanda ilipitisha sheria inayodai viongozi wa madhehebu wawe na shahada, na naelewa hofu iliyoizaa. Elimu ya theolojia inamlinda mtu dhidi ya aya zilizokatwa vipande, kama ile ya Zaburi 105. Lakini darasa halimfundishi mtu kuambiwa hapana. Hilo anajifunza kwenye jumuiya ndogo ndogo, zile ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji miaka ya 1970, ambako majirani wanamchagua mwenyekiti, mara nyingi mama, na wanamwondoa akiharibu. Anajifunza mtaani, pale mwinjilisti anapoachiwa ibada, ugonjwa, msiba na ugomvi wa mipaka ya shamba, na mchungaji anakuja mwisho wa mwezi kusikiliza kabla ya kusema. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye nguvu katika Maandiko. Prisila na Akila, mafundi mahema, walimsikia sinagogini, wakamchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi. Hawakumkatiza mbele ya watu, na hawakunyamaza kwa sababu alihubiri vizuri kuliko wao.

Na wapo wanaoharibu. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia katikati ya safari. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka wamchukue tena, Paulo akakataa, wakashindana hadi wakaachana. Simlaumu Paulo moja kwa moja. Kazi ilikuwa ngumu na kijana alikuwa amekimbia. Barnaba akamchukua Marko, wakatweka kwenda Kipro, na tangu hapo kitabu cha Matendo hakimfuati Barnaba tena. Miaka ikapita. Paulo akiwa kifungoni, akikaribia mwisho, anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Mapokeo ya Kanisa yanasema Marko huyo ndiye aliyeandika Injili yenye jina lake, ile yenye sura ya 10 ambamo Yakobo na Yohana wanaomba viti.